SAA HUNA, RIVYU UNAYO! Mastaa wa Mbeya na Iringa Mnaopima Mapigo ya Moyo ya Kompyuta, Semeni Ukweli

Kuna mtindo umeshika kasi Nyanda za Juu Kusini na umefika wakati usemwe. Mtu anaposti picha ya mkono wake una saa janja, kioo kinawaka, mapigo ya moyo 152, hatua 11,400. Chini kaandika: "Nimeitesti wiki nzima, aplikesheni kali, linki kwenye bayo." Folowazi wanamwaga makopakopa na emoji za moto. Sasa ikuze ile picha taratibu. Saa haina kivuli. Mkanda unaishia hewani. Haijavaliwa ile, imebandikwa!

Majina hayatatajwa hapa. Yupo wa Mwanjelwa, yupo wa Kihesa, na wanajijua.

Kabla ya kuwafikia, kuna watu wanatukanwa bure na ni lazima watetewe. Hao ni watengenezaji wa programu. Kila dogo wa Mbeya au Iringa akisema anatengeneza programu ya saa janja, komenti ya kwanza ni "saa yenyewe anayo?" Watu wanacheka, dogo anafuta posti. Huo ni ushamba tu.

Kutengeneza programu ya saa bila kuwa na saa si utapeli. Google wanatoa Android Studio bure, na ndani yake kuna emuleta, yaani saa ya kuigiza inayotokea kwenye kioo cha kompyuta. Unachagua ya duara au ya mraba, unaiwasha, unaweka programu yako, unabonyeza kwa mausi. Garmin nao wana ya kwao ya bure. Apple wanayo pia, ila ni lazima uwe na kompyuta ya Mac, na hapo wengi wa huku ndipo wanaposhukia. Hata mtu mwenye saa kumi mezani anaanzia kwenye emuleta kwa sababu ni haraka.

Na huyo dogo tayari ana mzigo wa kutosha. Akaunti ya kuweka programu Play Store ni dola 25. Tangu Novemba 2023 Google wanataka mwenye akaunti mpya binafsi apate watu wa kumjaribia programu kwa siku 14 mfululizo. Walianza na watu 20, Desemba 2024 wakashusha hadi 12. Laptopu yake ina RAM ya 8GB wakati Google wenyewe wanataka angalau 16GB ukitaka kutumia na emuleta, kwa hiyo feni inalia kama mashine ya kusaga. Mtu kama huyo aliyeko MUST Mbeya au RUCU Iringa anastahili heshima. Fundi cherehani anashona suti ya bwana harusi na yeye mwenyewe hajaoa, nani amewahi kumcheka?

Lakini fundi huyo huyo, kabla ya siku ya harusi, anamwita bwana harusi aje aivae. Hapo ndipo mastaa wetu wanapopotea.

Emuleta haina ngozi, haina damu, haina moyo. Yale mapigo 152 ni namba iliyowekwa na mtu. Kwenye Android Studio kuna sehemu maalumu ya kulisha saa ya kuigiza namba za mwili: unaandika 152, inasoma 152. Unaiambia "anakimbia," hatua zinaanza kupanda huku mwenyewe umekaa unakula chipsi mayai. GPS nayo unailisha njia, unapandisha kutoka Ipogolo hadi Miyomboni bila kunyanyuka kwenye kiti! Kazi ya emuleta ni hiyo: kuangalia kama programu inaonyesha namba inavyotakiwa, kama haijifungi yenyewe, kama maandishi hayakatwi pembeni kwenye kioo cha duara. Inaifanya vizuri, na inaishia hapo.

Haijui chaji itaisha saa ngapi mtu akitembea nayo siku nzima. Haijui jua la mchana linavyofanya kioo kisisomeke. Haijui jasho, wala kidole kinene kinachoziba nusu ya maandishi.

Na haijui baridi, jambo ambalo kwa watu wa huku si dogo. Saa nyingi zinasoma mapigo kwa vile vitaa vya kijani vilivyo chini yake, vinavyomulika damu inayopita kwenye ngozi. Apple wenyewe wanaeleza kwamba kwenye baridi damu inayofika kwenye ngozi inaweza kuwa kidogo mno hadi saa ishindwe kusoma, na kwamba wino wa tatuu unaweza kuziba ule mwanga. Sasa fikiria Uyole au Mafinga mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, mtu anakimbia na majaketi mawili. Saa halisi inaweza kubabaika hapo. Emuleta itasoma 152 kwa raha zake, baridi ya Mafinga haiijui.

Kwa hiyo staa anaposema "nimeitesti wiki nzima" wakati aliipiga skrinishoti ndani ya dakika tano, amedanganya watu wawili kwa mpigo.

Wa kwanza ni mtengenezaji. Dogo wa watu anapewa nyota tano na "kali sana mwanangu," anaamini kazi imekamilika. Hajui kwamba programu yake inakula chaji kama moto wa nyasi, kwa sababu aliyedai kuijaribu hakuwa na betri ya kuisha. Wakija watumiaji wa kweli wanampa nyota moja, na jina lake limekwisha. Staa keshahamia kwenye kiki nyingine.

Wa pili ni folowa. Anaona rivyu, anakwenda sokoni, ananunua saa inayofanana na ile ya bei mbaya. Anafika nyumbani anatafuta Play Store kwenye saa, haipo. Nyingi ya zile saa za bei rahisi hazitumii Wear OS kabisa. Zina mfumo wake mdogo na programu zake zilizokuja nazo, huongezi kitu. Mtu aliyevaa saa kweli angesema hilo kwenye sentensi ya kwanza. Aliyebandika picha angelijulia wapi?

Kuna pabaya zaidi. Baadhi wameanza kusifia saa na programu "zinazopima sukari bila kutoboa kidole." Hapo utani uishe. Tarehe 21 Februari 2024, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilionya watu wasitumie saa janja wala pete janja zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, na ikasema haijaidhinisha hata moja ya aina hiyo. Mgonjwa wa sukari anaamua dozi yake kwa kutazama namba. Akidanganywa na namba anaweza kuzimia, anaweza kufa. Mama wa mtu yuko Iringa anaaminia mkono wa mtoto wa mjini, kumbe ule mkono haujawahi hata kuvaa saa. Kama unabisha, chukua moja ya hizo saa uifunge kwenye ndizi ya Tukuyu. Baadhi zitakupa mapigo ya moyo. Ya ndizi!

Utetezi wao unajulikana. "Saa ni ghali, tutoe wapi?" Hakuna aliyewalazimisha kununua. Andika tu, "Nimejaribu kwenye emuleta, saa sijavaa." Gharama yake sifuri. Nanyi watengenezaji mnaoandika "imejaribiwa kikamilifu" wakati haijagusa mkono wa binadamu, msijifiche nyuma ya utetezi wa hapo juu.

Na njia zipo. Samsung wana huduma inaitwa Remote Test Lab, unaendesha kifaa halisi kwa mbali kupitia intaneti. Msimu wa Mbeya Tulia Marathon wakimbiaji wenye saa wanajaa mjini, muombe mmoja akimbie na programu yako akuletee majibu. Darasa zima chuoni wakichanga wananunua saa moja ya mtumba yenye Wear OS, inazunguka mkono hadi mkono. Suti inakuwa imevaliwa.

Kuanzia leo, ukikutana na posti ya aina hiyo, muulize mhusika maswali matatu. Umeifunga mkononi? Ni saa gani, jina na toleo? Chaji iliisha baada ya muda gani? Aliyevaa kweli atajibu bila kufikiria. Akikubloki, jibu umeshalipata.

Umewahi kununua saa kwa kumwamini staa, ukafika nyumbani ukaishiwa pozi? Au wewe ndiye dogo unayehangaika na emuleta na laptopu ya 8GB? Funguka kwenye komenti hapo chini. Majina ya watu usiyataje, wahusika wanasoma.