Mashine ya majani ya milioni mbili: mnaihitaji kweli?

Mwezi huu tunawapumzisha mawifi na mama wakwe. Tunaongelea majani. Ndiyo, majani, haya haya ya uani kwako. Usicheke, maana yameshamfanya mtu na mumewe wamalize wiki mbili wakipeana "za asubuhi" tu kama wapangaji wa nyumba moja.

Dada mmoja wa Goba, ameomba nisimtaje jina, ameniandikia kwamba mumewe ameiona mahali mashine ya kukatia majani ya umeme, ile inayojisukuma yenyewe, na tangu siku hiyo halali. Mpaka ifike nyumbani itagharimu kama milioni mbili na nusu. Pesa ipo, ila ni ya dada mwenyewe, wamevunja kikoba, na alishaipangia kazi ya kumalizia ukuta wa nyuma. Mume anasema mashine ni uwekezaji. Mke anasema ni mdoli wa mtu mzima. Majani yenyewe kwa sasa anakata kijana wao wa bustani kwa kwanja. "Nimsikilize au nikaze?" ananiuliza.

Dada yangu, ngoja nikujibu hapa hapa mbele za watu, kwa sababu najua kuna nyumba nyingi zenye kesi kama yako.

Kwanza tujue mnagombania nini

Wengi wakisikia "inayojisukuma" wanadhani ni ile roboti inayozunguka yenyewe bustanini huku mwenye nyumba anakunywa juisi kibarazani. Hapana. Hii unatembea nyuma yake na kushika mpini kama kawaida. Tofauti ni kwamba mota inazungusha kisu na pia inazungusha magurudumu. Unabonyeza, inakwenda, wewe unaiongoza tu. Ukiachia, inasimama.

Nyingi siku hizi zinatumia betri, hazina waya. Moja ya sababu ni sheria za wenzetu: jimbo la California kule Marekani limezibana injini ndogo za petroli za bustani, kuanzia zile zilizotengenezwa mwaka 2024, na viwanda vimehamia kwenye betri kwa kasi. Bei zake huko ni kati ya dola 500 na 900 hivi, bado usafiri na ushuru. Kwa hiyo ile milioni mbili na nusu ya shemeji yetu haijatoka hewani.

Uzuri wake upo, tusiwe wachoyo. Haipigi kelele kama ya petroli, kwa hiyo unaweza kukata majani Jumapili mtoto amelala na jirani asikununie. Haina moshi, haina oili ya kubadilisha, haina kamba ya kuvuta mpaka bega liteguke.

Umeme ni rahisi, lakini usidanganyike

Hapa ndipo akina kaka wanapotushinda kwa maneno. "Mke wangu, hii inatumia umeme, tutaokoa mafuta!" Haya, tupige hesabu pamoja.

Betri ya mashine ya ukubwa huu huwa na kama nusu uniti ya umeme ikijaa. Kwa mtumiaji wa kawaida wa LUKU, uniti moja ni kama shilingi 350, kwa hiyo kujaza betri hakufiki hata shilingi 200. Mashine ya petroli ya ukubwa huo inakula kama lita moja kwa saa, na mwaka 2024 lita ilizunguka kwenye shilingi 3,000 hapa Dar. Ukikata mara mbili kwa mwezi, saa moja kila mara, umeokoa kama elfu 67 kwa mwaka mzima. Si haba, ila elfu 67 haiwezi kulipa milioni mbili na nusu leo wala kesho. Na hapo tunalinganisha na mashine ya petroli. Kwanja la kijana wenu halinywi petroli kabisa.

Tuangalie na upande wa vibarua. Tuseme mnamwita mtu wa kukata kwa 15,000 kila mara, mara mbili kwa mwezi. Hiyo ni 360,000 kwa mwaka. Mashine itahitaji karibu miaka saba kurudisha pesa yake, na kabla ya hapo betri yenyewe inaweza kuwa imechoka. Betri mpya, asikwambie mtu, inaweza kufika theluthi au hata nusu ya bei ya mashine nzima.

Kwa hiyo kama sababu ni kubana matumizi, shemeji ameshindwa kesi. Lakini kesi haijaisha.

Pima majani, usipime kiwanja

Kinachouza mashine hii ni magurudumu yake. Swali ni moja: kusuma kwenyewe ni mzigo kiasi gani hapo kwenu?

Chukua kiwanja chetu cha kawaida cha ishirini kwa ishirini, Tabata au Mbezi. Hizo ni mita za mraba 400. Toa nyumba, toa sehemu ya gari, toa karo la kufulia na simtenki. Majani yanayobaki labda ni mita 120. Kwa mashine inayokata upana wa sentimita 45, utatembea kama mita 270 umemaliza. Yaani ni kwenda dukani kwa Mangi na kurudi. Kununua magurudumu yenye mota kwa safari hiyo ni kukodi teksi kwenda chumba cha pili. Kwa eneo kama hilo kwanja au mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono inatosha kabisa, na chenji inabaki.

Sasa rudi Goba. Dada yetu anasema kiwanja chao ni arobaini kwa arobaini, na majani ni kama mita za mraba 900. Hapo kila ukikata umetembea kilomita mbili. Halafu Goba mnaijua, ni vilima. Mashine hizi nyingi zina uzito wa kilo 28 mpaka 40. Kusukuma kilo 35 kwa kilomita mbili kwenye mteremko, juani, si mchezo. Hapo magurudumu yenye mota yana kazi ya maana, hasa kama anayesukuma ana mgongo mbovu au umri umesogea.

Ila kwenye mteremko chagua inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ya mbele inafaa sehemu tambarare zenye kona nyingi; ukipanda nayo kilima, hasa mfuko wa majani ukijaa, magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko. Kata ukiuvuka mteremko kutoka upande hadi upande, usiwe unapanda na kushuka. Na mteremko ukizidi nyuzi 15, acha kabisa, hapo utafute kwanja au panda maua. Na tafadhali, vaa viatu, ndala ziache mlangoni.

Nani atasukuma?

Dada yangu, hili ndilo swali ambalo sikuliona kwenye ujumbe wako, na mimi nadhani ndiyo ugomvi wenyewe. Shemeji anasema "tutakata". Hiyo "tu" ni nani?

Nimeona nyumba nyingi zenye vitu vya mazoezi ambavyo sasa vinaanikiwa nguo. Mashine ya majani inaweza kwenda njia hiyo hiyo. Mwezi wa kwanza baba yuko bustanini na kofia yake, anapiga na picha. Mwezi wa pili ana semina Dodoma. Mwezi wa tatu kuna mechi. Halafu majani hayasubiri: wakati wa masika ukoka unataka kukatwa karibu kila wiki, na kila mara usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wake, ukizidisha unanyauka. Yakifika magotini, mashine haiwezi tena, inasongwa na betri inakwisha upesi. Mnarudi kwa kijana na kwanja lake.

Na huyo kijana, mmemwambia? Maana mashine inakata majani basi. Haimwagilii maua, haifungui geti, haizoi takataka, wala haiwaambii kwamba bomba limepasuka nyuma ya nyumba. Kama mpango ni kumwachisha kazi ili mashine "ilipe", jueni mnachokata ni riziki ya mtu, na kazi zake nyingine zote zitamwangukia mmoja wenu. Sina haja ya kusema ni yupi. Kama anabaki, basi yeye ndiye atakayeisukuma. Mfundisheni, na mumsikilize anavyoiona hiyo shamba yenu, anaijua kuliko ninyi.

Kabla hujatoa hela

Mkikubaliana kununua, msikurupuke. Mambo haya yaangalieni kwanza:

- Chaja. Umeme wetu ni volti 230, wa Marekani ni 120. Chaja iliyotengenezwa kwa volti 120 peke yake ukiichomeka hapa inaungua. Soma maandishi nyuma ya chaja kabla ya kulipa.

- Usafiri wa betri. Msimtume shangazi aliye ughaibuni aje nayo kwenye begi. Mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kubeba betri za lithiamu zinazozidi wati-saa 160, na hii ina 400 na zaidi. Itabidi iende kama mzigo maalumu.

- Betri ya akiba. Betri za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Kama muuzaji hana betri ya kuuza peke yake, wala kisu cha akiba, unanunua kitu cha msimu mmoja miwili.

- Muda wa kukata. Majani makavu na mafupi, betri moja inaweza kukupa dakika 45 hadi saa moja. Majani marefu au yenye umande, muda unapungua sana. Na ile mota ya magurudumu nayo inakula humo humo. Kwa mita 900, muulize muuzaji akuonyeshe kwa vitendo.

- Mahali pa kuweka. Betri haitaki banda la bati linalochemka saa nane mchana. Iweke ndani, pakavu na penye ubaridi. Na kila unaposafisha kisu, itoe kwanza. Watoto wasikaribie wakati inafanya kazi, jiwe moja likirushwa na kisu ni jicho la mtu.

Jibu langu kwa dada wa Goba

Kwa ukubwa wa majani yenu na ule mteremko, mume wako hajachanganyikiwa. Mashine hiyo ina kazi hapo kwenu. Lakini pesa anayoitaka ina jina tayari, inaitwa ukuta, na aliyeichanga sarafu kwa sarafu ni wewe. Mwizi haingii kwa sababu majani ni marefu, anaingia kwa sababu ukuta haujaisha. Malizieni ukuta.

Halafu mpe shemeji mtihani wa kiungwana. Azime au akodi mashine ya kawaida ya kusukuma, akate mwenyewe kila Jumamosi kwa miezi miwili ya masika. Usimsaidie na usimcheke. Akishindwa, mmeokoa milioni mbili na nusu na bustani ina kijana wake. Akiweza, na ukamwona kweli jasho linamtoka pale mteremkoni, basi mwanamume huyo anastahili magurudumu. Anzeni kuchanga pamoja, yeye nusu na wewe nusu, au yeye zaidi kama ndiye mwenye hamu zaidi. Kitu kilichonunuliwa na wawili hakimfanyi mmoja aitwe mbishi.

Na leo jioni, kabla ya hayo yote, mtengee chakula ukae naye mezani. Wiki mbili za "za asubuhi" zinatosha.

Je, kwenu kuna kitu gani kinachogombaniwa? Friji, king'amuzi, pikipiki? Niandikie, jina lako nitalificha. Tukutane mwezi ujao, na nawatakia amani ndani na nje ya nyumba.