Nani Ametumia? Lugha ya Taarifa za Umeme kwa Wateja wa Biashara

Taarifa za matumizi ambazo makampuni ya umeme huwapelekea wateja wao kwa barua pepe, kila mwezi au kila wiki, huchukuliwa kuwa ni kazi ya wahandisi na wahasibu. Mtazamo huo una upungufu. Kufaulu au kushindwa kwa taarifa hizo, hasa zile zinazoandikiwa wenye biashara, ni suala la matini: nani anasemeshwa, katika nafsi ipi, na anatarajiwa kutenda nini baada ya kusoma.

Mtindo huu ulikuzwa Marekani, na ulikuzwa majumbani. Mwaka 2007 Wesley Schultz na wenzake, akiwamo Robert Cialdini, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusu kaya zipatazo 290 za mji wa San Marcos, California. Kila kaya iliarifiwa kiasi cha umeme ilichotumia kikilinganishwa na wastani wa majirani. Waliokuwa juu ya wastani walipunguza. Waliokuwa chini yake, kinyume cha lengo, waliongeza. Ilipochorwa alama ya uso unaotabasamu kando ya tarakimu za hao wa pili, ongezeko hilo halikuonekana tena. Kwa mwanaisimu jambo hili ni zito. Tarakimu iliyodhaniwa kuwa habari tupu ilisomwa kama wito wa kufanana na wengine, na alama moja isiyo neno ikaigeuza kuwa sifa. Kampuni ya Opower, iliyoanzishwa mwaka huohuo na kununuliwa na Oracle mwaka 2016, iliifanya mbinu hiyo kuwa biashara. Hunt Allcott, alipochambua mwaka 2011 majaribio ya taarifa hizo yaliyohusisha kaya 600,000 hivi, alikuta matumizi yameshuka kwa wastani wa asilimia 2.

Kosa linalofanywa ni kuitwaa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha kaya na kumvika mwenye biashara.

Kitenzi cha msingi katika taarifa ya kaya ni "umetumia". Kiambishi cha nafsi ya pili umoja kinafaa huko, kwa kuwa anayesoma, anayewasha na anayelipa aghalabu ni mtu mmoja, au ni watu wanaokula chungu kimoja. Katika biashara watu hao wametengana. Barua humfikia mhasibu, ambaye hajawasha hata tanuri moja. Mashine huendeshwa na fundi, ambaye haioni barua wala ankara. Na paa linaloingiza joto, ambalo ndilo linaloyachosha majokofu, ni la mwenye jengo. Mhasibu akiambiwa "umetumia", ataihifadhi barua hiyo na shauri litaishia hapo. Kukimbilia kauli ya kutendwa nako si dawa. "Ndugu mteja, unashauriwa kupunguza matumizi" ni sentensi isiyo na mshauri, isiyo na saa, isiyo na chombo. Ni adabu ya ofisi tu. Ilinganishwe na hii: "Kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, likiwa limefungwa, duka lilitumia uniti 14." Kiima hapa ni duka. Hakuna anayeshutumiwa, na yeyote atakayeshikishwa karatasi hiyo anajua aende akatazame nini. Mita zinazorekodi matumizi saa kwa saa zimeiwezesha sentensi ya namna hii kuandikwa. Kinachokosekana ni mwandishi.

Ulinganishi wa nyakati nao una mitego yake. Machi ina siku tatu zaidi ya Februari ya siku 28, hivyo biashara isiyobadilisha lolote itaonekana imeongeza matumizi kwa karibu asilimia 11. Kwa pwani ya Afrika Mashariki mtego huwa mkubwa zaidi. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka wa miladi: mwaka 2024 ilianza karibu na tarehe 11 Machi na kuingia Aprili, ilhali mwaka 2025 iliishika takriban Machi nzima. Mkahawa wa Unguja unaofungwa mchana wa mfungo ukilinganishwa na "mwezi kama huu mwaka jana", utapewa pongezi au lawama isiyoustahili. Mpangaji wa taarifa asiyeijua kalenda ya wasomaji wake hajui anachokisema.

Palipo pagumu kuliko pote ni mahali ambapo ankara hupima vitu viwili. Wateja wakubwa wa Tanzania, wa madaraja ya T2 na T3, hutozwa kwa uniti na pia kwa kiwango cha juu kabisa cha umeme walichovuta katika mwezi. Ichukuliwe karakana yenye mashine mbili, kila moja ikivuta kilowati 40 kwa saa 4 kwa siku. Ziwashwe pamoja au kwa zamu, uniti ni 320 zilezile. Lakini zikiwashwa pamoja kiwango cha juu ni kilowati 80, na zikiwashwa kwa zamu ni 40. Hapa mwanaistilahi hushawishika kuunda neno. Istilahi ina mahali pake, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilitungwa kwa haja ya kweli. Haja ya mwenye karakana ni nyingine: "Jumanne saa 3 asubuhi mashine zote mbili zilifanya kazi pamoja, muda huo ndio uliopandisha ankara ya mwezi mzima." Maelezo ya maneno ishirini yanamfaa kuliko istilahi moja sanifu asiyoijua.

Wapo watakaosema kwamba mfanyabiashara hujali fedha tu, hivyo aandikiwe shilingi. Shilingi huchanganya mabadiliko ya bei na mabadiliko ya matumizi, na msomaji hawezi kuyatenganisha. Uniti, neno ambalo LUKU imelifikisha hadi kwenye vibanda vya vinyozi, inatosha kutangulia. Jina la LUKU lenyewe, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ni mfano wa uandishi bora: amri, kipimo na mtendaji katika maneno manne. Wazungumzaji wamekwisha kulifanya nomino ya kitu kinachonunuliwa na kwisha.

Limebaki suala la siri. Wastani wa majirani hauwezi kutumika katika mji wenye viwanda viwili tu vya barafu, kwa sababu kila mmoja, akijua tarakimu zake, atapata za mwenzake kwa hesabu ya kutoa. Vikiwa vitatu hali si nafuu sana. Huko barua haina budi kuilinganisha biashara na nafsi yake yenyewe, na kutaja wenzake kuachwe kabisa.