Malalamiko ya wenye magari ya familia hayana anwani

Anayetaka kuujua ukweli kuhusu gari la familia asimwulize muuzaji. Na aende Salgaa. Mji huo mdogo wa madereva wa malori, ulioko Rongai katika Kaunti ya Nakuru, umekaa kando ya barabara kuu iendayo Eldoret na hatimaye Uganda, kwenye sehemu inayoukwea mlima kupitia Sachangwan na Migaa hadi Mau Summit. Nakuru iko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,850 kutoka usawa wa bahari, ilhali Mau Summit imezidi mita 2,500. Gari lipandalo hapo hutahiniwa injini na gia, nalo lishukalo hutahiniwa breki. Rangi inayong'aa na viti vya ngozi havisaidii kitu katika mtihani huo.

Kwa Wakenya wengi jina la Salgaa limeambatana na msiba. Mnamo Januari 31, 2009, watu zaidi ya 100 waliangamia Sachangwan pale lori la mafuta lililopinduka liliposhika moto. Mnamo Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakapoteza maisha. Kwa hiyo haishangazi kwamba kila barabara hii inapojadiliwa, mjadala huwa ni wa malori na mabasi. Hata hivyo, katikati ya malori hayo hupita gari jingine ambalo halijadiliwi: Subaru Forester, Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Mazda CX-5, Honda CR-V na mengine ya kimo hicho. Ni gari lililoinuka kuliko saluni, ila halijafikia ukubwa na bei ya Prado. Aghalabu hununuliwa na mwalimu, muuguzi au karani kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, deni likalipwa kwa miaka. Ndilo hubeba watoto wakati wa kufunga shule, nyanya anapokwenda hospitali, na gunia la viazi kutoka Molo.

Wenye magari haya wana malalamiko tele. Hoja ya makala haya ni kwamba mengi ya malalamiko hayo ni ya haki, lakini yanaishia gerejini kwa sababu hayana pa kupelekwa. Na lalamiko lisilo na anwani halizai maboresho.

Tuanze na asili ya magari yenyewe. Mengi ya magari ya familia yaliyo barabarani mwetu yalitumika kwanza Japani. Shirika letu la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini iwapo umri wake hauzidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza na usukani wake uko upande wa kulia. Hakuna aibu katika mtumba. Lau si mtumba, wengi wetu tungalikuwa tunatembea kwa miguu. Tatizo ni kwamba gari hilo lilibuniwa kwa ajili ya mtu mwingine, barabara nyingine na lugha nyingine.

Lalamiko la kwanza, ambalo wengi hulichekea, ni la lugha. Redio za magari ya Japani hazifiki masafa mengi ya stesheni zetu. Masafa ya kule huanzia megahezi 76, na redio nyingi huishia 90, ilhali yetu ni 88 hadi 108. Basi mwenye gari hununua kifaa cha kuongeza masafa ili apate taarifa ya habari. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kitabu cha maelezo ya gari kimeandikwa Kijapani, na maonyo yanayojitokeza kwenye dashibodi ni ya Kijapani pia. Gari humwambia mwenyewe kwamba mafuta ya injini yamechakaa au kwamba breki ina hitilafu, naye hubaki kutazama maandishi hayo kama mtoto wa chekechea anayetazama gazeti. Tunawezaje kumlaumu mtu kwa kutolitunza gari ambalo hawaelewani kwa lugha?

Lalamiko la pili ni la giaboksi. Magari kama X-Trail hutumia mfumo wa gia usio na gia za kuhesabu. Badala ya gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, mna mkanda wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili zinazobadilisha upana. Mfumo huo hupunguza gharama ya petroli na huenda kwa ulaini. Lakini hauvumilii joto kali, na huhitaji mafuta maalumu, si yoyote yale yaliyo kwenye rafu ya duka. Mpe mfumo huo mzigo wa watu 5 na mizigo, umkabidhi mlima wa Sachangwan nyuma ya lori linalojikongoja, kisha fundi awe amemimina mafuta yasiyofaa kwa kuwa alama za kopo hazikueleweka. Gari litaanza kutetemeka na kupoteza nguvu. Mwenyewe ataambiwa kwamba gari la aina hiyo ni bovu, alikuwa achague jingine.

La tatu ni la magari ya dizeli, hususan CX-5. Ekzosi yake ina chujio linalonasa masizi, na gari huyateketeza masizi hayo lenyewe likipata mwendo wa kasi ya kutosha kwa muda wa kutosha. Mwalimu anayetoka nyumbani hadi shuleni kilomita 2 kila siku halipi gari nafasi hiyo. Chujio huziba, na dizeli isiyoungua huteremka ikachanganyika na mafuta ya injini. Pia kuna suala la mafuta yenyewe. Japani ilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 10 katika milioni mwaka wa 2007. Kanda yetu ya Afrika Mashariki ilianza kutumia kiwango cha sehemu 50 mwaka wa 2015. Fundi anapozidiwa hulikata chujio na kulitupa. Gari hupona, lakini masizi yale sasa huenda moja kwa moja kwenye mapafu ya wanafunzi wanaotembea kando ya barabara.

La nne ni kimo. Matuta yetu na barabara za vijijini hukwaruza tumbo la gari, kwa hiyo wengi huliinua kwa vipande vya chuma au mpira juu ya springi. Hupata nafuu ya matuta, ila hawaambiwi gharama yake. Gari lililoinuliwa lina kitovu cha uzito kilicho juu zaidi, na hivyo ni rahisi kuyumba na kupinduka kwenye kona.

La tano, na zito kuliko yote, ni la breki. Hapa ningependa walimu wa fizikia waniazime sikio. Chukua gari ambalo pamoja na abiria wake lina uzito wa kilo 1,900, uliteremshe mita 400 za kimo bila kuongeza kasi. Nishati inayopaswa kwenda mahali ni jouli zipatazo milioni 7.4, kiasi kinachoweza kupasha lita 22 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Sehemu fulani huchukuliwa na upepo na msuguano wa tairi. Dereva akitumia gia ya chini, injini nayo huchukua sehemu yake kubwa. Asipoitumia, karibu zote huwa joto kwenye diski na pedi za breki. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi bila kubadilishwa huwa yamefyonza unyevu wa hewa, hivyo huchemka upesi. Yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea, basi dereva hukanyaga hadi sakafuni na gari halisimami. Lori la tani 40 kwenye mteremko huohuo lingechemsha zaidi ya lita 450 za maji. Ndiyo sababu dereva anayeachilia gia ili aokoe dizeli mteremkoni anacheza na roho za watu.

Kwenye hesabu hiyo ongeza pedi bandia. Tangu mwaka wa 2008 tuna sheria dhidi ya bidhaa ghushi, lakini mnunuzi wa kawaida hana macho ya kutofautisha pakiti ya kweli na ya uongo. Pedi zote hufanana madukani. Tofauti hujitokeza mteremkoni.

Sasa tulinganishe. Wamiliki wa magari haya nchini Marekani walilalamika pia, na kwa mambo yayo hayo. Waliolalamikia giaboksi za Nissan walisikika, na mwaka wa 2009 kampuni hiyo ikarefusha dhamana ya mifumo hiyo hadi miaka 10 au maili 120,000. Wenye Forester zilizotengenezwa baina ya 2011 na 2014 walilalamika kwamba injini zinakunywa mafuta kupita kiasi. Wakaenda mahakamani kwa pamoja, na mwaka wa 2016 kesi ikamalizwa kwa maafikiano yaliyowarefushia dhamana. Je, Wamarekani hao wana akili kutuzidi? La. Wana mahali pa kupeleka neno. Tangu mwaka wa 1970 wana idara ya serikali ya usalama wa barabara inayopokea lalamiko la mwananchi mmoja mmoja na kuyahesabu. Malalamiko 10 ni manung'uniko. Malalamiko 10,000 yaliyoandikwa mahali pamoja ni ushahidi.

Mfano wa mifuko ya hewa ya Takata unatisha zaidi. Mifuko hiyo iliwekwa katika magari ya kampuni nyingi, zikiwemo Honda, Toyota, Nissan, Mazda na Subaru. Kemikali iliyokusudiwa kuufumua mfuko huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, na mfuko ukifumka huweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Nchini Marekani pekee mifuko ipatayo milioni 67 iliitwa ili ibadilishwe. Japani nako wamiliki waliitwa. Lakini mwito huo humfuata mwenye gari aliye kwenye daftari la nchi ile. Gari likishapakiwa melini kuja Mombasa, nani atamwandikia barua mmiliki mpya aliyeko Molo au Njoro? Asiyejua kwamba nambari ya chesi yaweza kukaguliwa ataendelea kuwaketisha wanawe mbele ya mfuko huo, akidhani ni kinga yao.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi wa mtumba hana haki ya kunung'unika, kwani rahisi huvunja upishi. Methali hiyo ina hekima yake sokoni, lakini haiwezi kuwa sera ya taifa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji, na ya kulindwa usalama wake. Hakisemi kwamba haki hiyo ni ya wanunuzi wa magari mapya tu. Wengine watadai kwamba masharti zaidi yatapandisha bei. Hofu hiyo ni ya kweli kwa mtu anayekatwa mshahara kila mwezi. Ndiyo maana maboresho ninayoyapendekeza si ya kubadilisha magari. Ni ya kubadilisha habari zinazofuatana nayo.

Kwanza, nambari ya chesi ya kila gari huandikwa wakati wa kusajiliwa. Na ilinganishwe papo hapo na orodha za magari yaliyoitwa na watengenezaji, na mnunuzi apewe jibu kwa maandishi. Pili, muuzaji alazimishwe kumkabidhi mnunuzi karatasi ya mnada wa Japani inayoonyesha kilomita halisi na ajali zilizopata gari, pamoja na muhtasari wa kitabu cha maelezo kwa Kiswahili au Kiingereza: mafuta gani, maji gani, taa ipi ina maana gani. Tatu, mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ifungue daftari la hitilafu ambalo mwenye gari na fundi wanaweza kuandika, na takwimu zake zichapishwe kila mwaka kwa aina ya gari. Hapo X-Trail ikiwa na ila, tutaijua kwa hesabu badala ya porojo, na ikiwa inasingiziwa, itatakasika.

Wenye magari nao hawana budi kutimiza wajibu wao. Hakuna daftari litakalomwokoa dereva anayeteremka Migaa kwa gia ya juu huku mguu umeganda kwenye breki, wala anayenunua pedi kwa kutazama bei tu. Haifai kuilaumu Japani kwa uzembe wa Rongai.

Walimu na wanafunzi wana nafasi yao pia. Shule za Nakuru zina maabara ambayo hailipiwi karo. Mteremko wa Salgaa unaweza kufunza nishati, joto na msuguano kuliko mchoro wowote ubaoni. Mwanafunzi atakayekokotoa zile lita 22 kwa mkono wake hatasahau gia ya chini siku atakaposhika usukani. Na akiwa karani wa NTSA au afisa wa KEBS siku za usoni, huenda akawa yule atakayefungua daftari tunalolidai leo. Lakini watoto walio katika magari hayo msimu huu wa likizo hawawezi kungoja akue. Wahusika wako ofisini, na nambari za chesi wanazo mezani.