Akiinua Kichwa, Picha Umeshaikosa

Kabla ya yote, hebu tuulizane. Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlikaa saa nzima mkiangalia kitu kimoja, bila yeyote kuchungulia simu? Usione haya. Hata sisi tulikuwa hatukumbuki.

Septemba 2024 mimi na mume wangu tulitimiza miaka mitatu ya ndoa. Badala ya hoteli ya ufukweni kama kawaida, tukapanda treni mpya ya umeme kutoka Dar mpaka Morogoro, tukakodi gari na dereva, safari ikawa Mikumi. Mimi nilikuwa nimeazima kamera ya shoga yangu, ile yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai. Nilishajiapiza: lazima nirudi na picha za kuwanyamazisha watu.

Asubuhi tukaingia uwanda wa Mkata. Jamani, pazuri! Nyasi za kiangazi zina rangi ya dhahabu, kwa mbali milima, na katikati kundi la pundamilia wakila taratibu, mikia ikifukuza nzi. Mimi nikaanza: "Kaka, sogea kidogo." Dereva akasogea. "Kidogo tena." Akasogea. "Mpaka pale mwisho wa barabara, kaka yangu, tafadhali."

Pundamilia mmoja akainua kichwa. Halafu wa pili. Mara kundi zima likatukodolea macho, na kufumba na kufumbua, vumbi! Nikabonyeza kamera kama niliyepagawa. Nilichoambulia ni picha 18 za matako.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa amenishika bega mara mbili anionyeshe ukungu ulivyokuwa ukipanda milimani, na mara zote mbili nilimwambia subiri. Akaniuliza kwa upole, na ndiyo maana iliniuma: "Mwenzangu umekuja na kamera. Mimi nimekuja na nani?" Baada ya hapo kimya mpaka chakula cha mchana.

Somo la dereva

Nadhani dereva wetu alishazoea kubeba wanandoa walionuniana. Jioni alisimamisha gari mbali kabisa na wanyama, akazima injini, akasema: "Dada, mnyama anayekula ana amani. Akiinua kichwa na kukutazama, ujue ameacha kula kwa sababu yako. Hapo picha umeshaikosa, hata kama hajakimbia."

Ukifikiria, ana hoja. Nyumbu ni mnyama anayecheua, anakula kisha anatulia anatafuna upya. Pundamilia hacheui. Chakula kinapita tumboni haraka, kwa hiyo inambidi ale sehemu kubwa ya siku, hasa kiangazi nyasi zinapokuwa kavu. Kila unapomkatisha unamwibia mlo wake. Ndiyo maana pia utawakuta hao wawili pamoja: pundamilia anakata nyasi ndefu na ngumu za juu, nyumbu anapenda zile fupi zinazobaki chini. Hawagombanii sahani.

Basi tukakaa. Dakika kumi, hakuna kitu. Dakika ishirini, nikaanza kuwashwa mikono. Mume wangu akachukua kile kimfuko cha mchele tulichobeba, akakiweka dirishani ili kamera ikae bila kutikisika, akakishikilia. Na pale, bila kunitazama, macho yake yakiwa kwa wale wanyama, akaniambia kwamba tangu Agosti kazini kwao walishatangaziwa kupunguza watu, na jina lake limo kwenye orodha. Alikuwa anatafuta pa kuanzia. Mwezi mzima nilikuwa nalala na mtu mwenye mzigo huo, sina habari.

Sikumjibu kwa maneno mengi. Nilimshika mkono tu. Tulipoinua macho, kundi lilikuwa limekuja lenyewe. Nyumbu na pundamilia, vichwa chini, jua likiwamulika kwa ubavuni. Nikapiga picha tatu, basi. Moja ndiyo iko sebuleni kwetu leo. Wanyama ni wadogo, uwanda ni mkubwa, na hakuna hata mmoja anayetutazama.

Haya, na nyie mkienda

Mwanga kwanza. Piga kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni. Jua la saa sita linafuta kila kitu, na wanyama wenyewe wanakuwa wamejificha kivulini.

Acha nafasi. Wengi tunataka sura ya mnyama ijaze picha. Jaribu kumwacha kwenye sehemu moja ya tatu, sehemu inayobaki iwe nyasi na anga, na iachie zaidi upande ule anakoelekea. Kama una simu tu, usivute mpaka picha ipasuke. Mchukue pamoja na mandhari yake.

Tumia kimo chake. Ukipiga ukiwa umesimama kwenye paa lililofunguliwa, anaonekana mfupi. Shuka dirishani, ulingane na macho yake. Kama kamera yako inakuruhusu kuchagua kasi, anza na 1/500 ya sekunde, maana hata anayekula hatulii: masikio na mkia havikai.

Fuata sheria. Usishuke garini pasiporuhusiwa, usitoke nje ya barabara kufuata mnyama, usipige honi wala miluzi ili akuangalie. Droni ni mpaka uwe na kibali. Na msisahau kitambulisho, maana kiingilio cha raia ni nafuu sana kuliko cha mgeni.

Chagua msimu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba nyasi ni fupi na wanyama wanaonekana vizuri. Machi mpaka Mei ni kijani cha kupendeza, lakini nyasi ndefu zinawaficha na njia nyingine zinakuwa tope.

Halafu la mwisho, na hili si la kamera. Gawaneni kazi. Mmoja apige, mwingine awe jicho: aangalie nani ameinua kichwa, nani anakuja, mwanga umefika wapi. Baada ya nusu saa badilishaneni. Hapo hakuna atakayeuliza amekuja na nani.

Najua mtaniuliza, kazi iliishaje? Barua ilikuja Novemba, kama alivyoniambia. Ila ilitukuta wawili, tumeshapiga hesabu ya kodi na marejesho ya mkopo, tumeshajua tunakata nini na tunaacha nini. Siku ile aliporudi na boksi lake la vitu vya ofisini, alilitua chini ya ile picha, akaitazama kidogo, akauliza tunakula nini.

Haya wapenzi, kazi kwenu. Tukutane mwezi ujao!