SKULI YA LAZIMA ISIYOFIKIWA NA MASKINI



Tunaambiwa kila siku kwamba watoto wote wa Visiwa hivi ni sawa mbele ya elimu. Maneno haya ni matamu. Leo tunataka kuyatia katika mizani.

Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilitamka kuwa miaka 2 ya maandalizi ni sehemu ya elimu ya lazima. Hatuipingi, twaisifu. Tunalolipinga ni kumlazimisha maskini jambo lisilomfikia. Skuli za Serikali za watoto wadogo hazikuenea kila kijiji, na za watu binafsi zataka ada, sare na nauli. Mwenye mshahara hulipa. Je, mchuma karafuu na mkulima wa mwani wafanyeje?

Tutazame Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, na ambako wakulima wengi ni wanawake. Kazi yao haifuati saa ya ukutani, hufuata bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka asubuhi, na mama hubakia pwani mpaka adhuhuri. Katika saa hizo hizo mtoto wa maandalizi aghlabu hurudishwa nyumbani. Nani atampokea? Ni dada yake wa miaka 10, ambaye siku hiyo haendi skuli. Basi kwa kukosa mlezi mmoja, nyumba moja yapoteza wanafunzi wawili.

Wako wasemao: "Bibi yake yupo." La hasha! Bibi naye yumo majini, au yumo shambani. Wengine husema kuwa elimu ya mtoto mdogo ni anasa. Ikiwa ni anasa, mbona wakubwa ndio wa mwanzo kuwapeleka watoto wao?

Wala tusiambiwe kuwa haiwezekani. Tangu mwaka 1990 mpango wa skuli za maandalizi za madrasa umefanya kazi hapa Zanzibar kwa nguvu za wanavijiji wenyewe. Baadaye vituo vya Tucheze Tujifunze vilifundisha kwa redio, hata pasipokuwa na jengo la skuli. Wananchi wametimiza wajibu wao. Sasa ni zamu ya Hazina.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, kila kijiji kipate skuli ya maandalizi isiyo na ada wala mchango, ambayo mtoto aweza kuifikia kwa miguu yake. Pili, saa zake zifuate bamvua na msimu wa karafuu. Tatu, mwalimu wake alipwe mshahara, asilipwe ahsante.

Someni waraka huu barazani, na asiyejua kusoma asomewe. Kila tawi lihesabu watoto walio nje ya skuli katika shehia yake, na hesabu hiyo iletwe mkutanoni. Haki haiji kwa kungojewa. Huja kwa kudaiwa.