Mwananchi si Tarishi wa Ofisi

Pita asubuhi Mtaa wa Msimbazi au Mkunguni, pale Kariakoo, uvitazame vibanda vya kutoa kopi. Utawaona watu wazima wamejipanga, kila mmoja na kitambulisho chake cha Taifa mkononi, wakingoja nakala kivuli. Mtu huyu anayo namba ya tarakimu 20. Alama zake za vidole zimekwisha kuchukuliwa. Jina lake na siku yake ya kuzaliwa vimehifadhiwa NIDA. Kivuli ni cha nini basi? Ni cha kupeleka ofisini, ili ofisi ile iamini yale ambayo ofisi nyingine ya Serikali hiyo hiyo imekwisha kuyajua. Kesho atatakiwa kivuli kingine, na barua ya serikali ya mtaa juu yake.

Sisi twauliza: mwananchi amekuwa tarishi wa ofisi tangu lini?

Asije mtu akasema kwamba mitambo yetu haiwezi kusemezana. Yaweza. Tangu 2017 mfumo wa malipo ya Serikali, uliojengwa na wataalamu wetu wenyewe, umetuzoeza kontroli namba. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo hulipa kwa simu akiwa nyuma ya meza yake ya viatu; benki, kampuni ya simu na ofisi inayodai hupashana habari mara moja, wala hakuna aulizaye kivuli! Basi fedha ikiingia, mitambo yasemezana. Mwananchi akitaka huduma, mitambo hugeuka bubu. Kasoro haimo katika mitambo. Imo katika nia ya wenye kuiagiza.

Lakini tusidanganyane, ndugu zetu. Kuunganisha peke yake hakutoshi, maana mlango ukiwa mmoja kwa wote, ukifungwa wote wamebaki nje. Twakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 1, 2019. Mwisho ulikuwa Desemba 31. Ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kwani watu wengi walikuwa hawajapata namba za NIDA. Na laini ikifungwa, mamantilie hakosi maongezi tu, akiba yake nayo imo humo humo.

Tena yuko kuli aliyebeba magunia miaka 30, vidole vimelika. Mashine yamkataa mara tatu mbele za watu, na karani wa umri wa mwanawe amwambia, "Mzee, nenda kaoshe mikono." Mikono hiyo ndiyo iliyoulisha mji huu! Programu isiyomwekea njia ya pili, iwe ni uso wake, au shahidi, au karani mwenye madaraka ya kumthibitisha, imeandikwa vibaya hata ikiwa na kasi ya umeme.

Zamani za mkoloni mtu alibeba kipande cha kazi chenye siku 30 za kutiwa alama, na stakabadhi ya kodi, na askari akamsimamisha njiani akaisoma habari yake apendavyo. Namba ya leo ni ya raia. Basi raia ajulishwe ni nani aliyeifungua habari yake, na kwa kazi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Jirani zetu wa Kenya walitanguliza kadi: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kadi ya Huduma ilitolewa kinyume cha sheria, maana hatari kwa taarifa za watu haikupimwa kwanza.

Sasa Serikali imetangaza Jamii Namba, namba moja tangu kuzaliwa. Twaiunga mkono. Lakini katika mikutano ya matawi tuwaulize wakubwa: siku namba hiyo itakapoanza, ni ofisi ipi itakayoacha kudai kivuli? Tutajiwe ofisi hizo kwa majina, na tarehe. Na tuambiwe yule mzee wa magunia ataingilia mlango gani.