Ile × 400 Inatoka Wapi?



Katika madaftari ya wa tano na wa sita, karibu kila mchoro wa seli ya kitunguu umeandikwa chini: × 400. Eti kwa sababu lensi ya jicho ni 10 na ya chini ni 40. Mimi nasema hiyo ni hesabu ya mikroskopi, si ya kalamu yako.

Weka rula ya plastiki chini ya lensi ya 4, ni kusema × 40. Tuseme duara unaloona lina upana wa mm 4,5, yaani mikromita 4500. Kwa × 400 duara linapunguka mara 10: mikromita 450. Kama seli 2 zinalijaza kutoka ukingo mpaka ukingo, kila moja ina 225. Sasa pima mchoro wako: mm 45, ao mikromita 45 000. Gawanya kwa 225. Ni × 200! Na yule aliyejaza ukurasa mzima?

Wengine watasema mikroskopi ni moja na foleni ni ndefu. Kweli, lakini rula haingoji foleni.

Kati yetu wako watakaokuwa malaborantini huku Masisi na Walikale, wakitafuta vijidudu vya malaria kwa × 1000. Pale seli nyekundu ya damu, mikromita 7 hivi, njo inawasaidia kutenganisha kijidudu na uchafu wa rangi. Mgonjwa anangoja jibu hilo.

Walimu wetu, tunaomba mchoro usio na kipimo urudishwe.

Kiongozi wa wanafunzi, wa sita